Kocha, mwili umenigomea na mashindano ni Agosti

Shikamoo Kocha,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza. Nina miaka 36, mume na watoto wawili. Mwaka jana nilimsindikiza shoga yangu hadi Rubavu, Rwanda, kwenye ile triathloni ya Ironman 70.3 ya Ziwa Kivu. Nilienda kumshikia chupa za maji na kumpiga picha. Nikawaona wamama wa umri wangu, wengine wanene kuliko mimi, wanatoka majini, wanarukia baiskeli, na baadaye mchana wanatembea mjini na medali shingoni. Nikarudi nyumbani sishikiki. Nikajiandikisha: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Ada ililipwa kwa dola, na nusu yake alitoa mume wangu, kwa hiyo siwezi kuamka tu nikasema nimeghairi.

Kuanzia hapo nilijituma kwelikweli. Mabwawa ya hotelini ni ghali, hivyo naogelea ziwani. Mara nyingi ni Jumamosi saa sita au saa saba mchana, nikishamaliza kufua. Tunaingilia pale penye majani na mitumbwi, kwa sababu upande wa pili mawe yanateleza. Usiku wake huwa nawashwa miguu na tumbo, ila inapoa yenyewe. Baiskeli naendesha barabara ya Musoma kuelekea Magu, na kukimbia ni alfajiri kabla ya kwenda shule.

Februari nikaugua malaria. Nilipima, nikapewa dawa mseto, dozi nikaimaliza. Siku chache tu baadaye nilikuwa barabarani, maana ratiba niliyoipakua ilisema hiyo ndiyo wiki ya kupandisha kilomita. Kwenye kilima ambacho zamani nilikipanda huku naongea, moyo ulidunda mpaka nikashuka na kukokota baiskeli. Toka hapo sijawa sawa. Hata saa yangu ya mkononi inaniandikia kwamba mazoezi yangu hayana tija. Nimetukanwa na saa, Kocha!

Aprili ukaanza mguu wa kushoto, kwenye ugoko. Mwanzo ulikuwa unauma nikianza kukimbia, halafu unapoa. Sasa unauma hata nikisimama ubaoni, na kuna sehemu moja nikiibonyeza kwa kidole naruka. Duka la dawa walinipa diklofenaki. Nameza kabla ya kukimbia, na kusema kweli inanisaidia.

Wiki iliyopita nikapata kizunguzungu nikiwa nafundisha kidato cha pili, giza likatanda machoni, wanafunzi ndio walionidaka. Zahanati wakapima damu, ikawa 9.6. Wakanipa vidonge vya kuongeza damu, wakasema nile matembele na ninywe rozela, basi. Dakika tano nilikuwa nje.

Nyumbani sasa kila mtu ana lake. Mume anasema niache. Mama mkwe anasema nimepigwa kijicho na anamjua mtu wa kunitazama. Kwenye kundi letu la WhatsApp wananiambia nikomae, Agosti haimsubiri mtu. Naona aibu kulisema hili, lakini nikiona picha zao za mazoezi najifungia bafuni nalia.

La kunifariji ni kwamba nimepungua kilo nane. Nakula vizuri mara moja, usiku. Asubuhi ni chai kavu, maana mwepesi ndiye anayekimbia. Siku zangu nazo zimekata tangu Januari. Nimepima mimba, sina, nadhani ni mazoezi tu.

Naomba unisaidie: nipunguze kukimbia niongeze baiskeli? Na kuna njia ya kupandisha damu haraka kabla ya Agosti?

Mwalimu Mchovu, Mwanza

*

Marahaba, mwalimu, na pole sana.

Malaria umeipa aya nzima. Mguu umeupa aya nzima. Mama mkwe naye kapata sehemu yake. Hedhi iliyokatika tangu Januari umeipa sentensi mbili fupi, mwishoni kabisa, chini ya furaha ya kilo nane. Mimi naanzia hapo hapo, kwa sababu naamini robo tatu ya barua yako inatokana na hapo.

Hakuna mazoezi yanayokata hedhi kwa kuwa tu ni mazoezi. Kinachoikata, kwa mwanamke anayejituma kama wewe, mara nyingi ni chakula kisichotosha kazi anayoifanya. Saa tatu za baiskeli kuelekea Magu zinaweza kula nishati inayokaribia ile anayoitumia mtu wa ofisini siku nzima. Wewe umezilipia kwa chai kavu. Nyumba ambayo mshahara umekatwa nusu hailipi kila kitu: inalipa kodi na unga, mengine yanasubiri. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Unaulinda moyo na ubongo, na cha kwanza kuahirishwa ni uzazi. Ubongo unapunguza homoni zinazoamrisha mayai kukomaa, estrojeni inashuka, hedhi inakata. Sasa estrojeni hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuulinda mfupa. Unaona tunakoelekea? Kwenye ugoko wako.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina mwaka 2014, RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa mwanamichezo, baada ya kuona kwamba haiishii kwenye hedhi na mifupa tu. Inagusa kinga ya mwili, usingizi, moyo, akili, na wanaume nao wanaipata. Mtu anaugua ovyo, anachoka, analia bafuni, anajiona mvivu, anaongeza mazoezi. Wasio na mazoea nayo wanamsifia kwamba kapungua vizuri.

Kwa hiyo zile kilo nane usizisherehekee kwanza. Ukienda hospitali, na utakwenda wiki hii, hedhi iwe jambo la kwanza kumwambia daktari. Miezi mitatu bila hedhi ni sababu tosha ya kuonwa hata kama mtu hafanyi mazoezi kabisa. Wapime mimba tena, waangalie tezi ya shingo na homoni nyingine. Inawezekana sababu ni nyingine kabisa, na hilo halitajulikana kwa kudhani. Mimi ni kocha, si daktari. Nakwambia ninachokiona kutoka huku nilipo.

Mguu sasa. Maumivu yanayotambaa urefu wote wa ugoko na kupoa ukipata joto, hayo tunayaona kila msimu, na mara nyingi ni misuli na ngozi laini inayofunika mfupa. Yako yalianza hivyo, halafu yakabadilika: yanakuuma ukiwa umesimama tu, na yana anwani, mahali pamoja panapogusika kwa ncha ya kidole. Maumivu ya namna hiyo sisi tunayahesabu kuwa ni ufa kwenye mfupa mpaka ithibitike vinginevyo. Usikimbie tena, hata zile kilomita mbili za kujaribu. Mtu akikupiga eksirei na kukuambia mfupa ni mzima, mwulize daktari kama inatosha, kwa sababu ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo. Kipimo cha picha kiitwacho MRI huuona mapema zaidi. Na umweleze kidole kinaangukia wapi hasa. Ufa wa ukingo wa mbele kabisa wa ugoko ni mkaidi, huchelewa kuunga kuliko ule wa upande wa ndani.

Diklofenaki uiache. Inakusaidia kukimbia juu ya mfupa unaokuomba usimame, na huo si msaada. Halafu dawa za kundi hilo zinaweza kuchubua tumbo likavuja damu kidogo kidogo bila wewe kujua, na ukizimeza huku umekaukiwa maji juani zinaelemea figo. Huyo aliyekuuzia hakukuuliza kama una upungufu wa damu, na wewe hukuwa unajua. Kama choo chako kilikuwa cheusi kama lami hata kabla hujaanza vidonge vya kuongeza damu (maana vidonge vyenyewe pia huweusha choo), hilo usilimbakize moyoni, liseme.

Tuje kwenye hiyo 9.6. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya 12. Wewe si kwamba umepungukiwa kidogo, uko katikati kabisa ya upungufu. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli, kwa hiyo moyo wako pale kilimani haukuwa unalegea. Ulikuwa unakimbia mara mbili ili kuziba pengo. Saa yako iliona hilo, ikakosa adabu ya kulieleza.

Dawa mseto ilifanya kazi yake: inaua vimelea kwa siku tatu. Hairudishi damu. Malaria hupasua chembe nyekundu, na mwili unahitaji wiki kadhaa kuzitengeneza upya. Chembe moja ikiwa nzima huishi kama siku 120, kwa hiyo hilo si ghala linalojazwa kwa wikiendi. Wewe ukaingia wiki ya kupandisha kilomita huku hata jasho la homa halijakauka. Ratiba ya kupakua haina habari kwamba kuna mbu. Nyingi zimeandikwa na watu wa nchi ambako mtu akikosa mazoezi ni kwa sababu ya theluji. Mimi mchezaji wangu akitoka kwenye malaria hupata wiki nzima ya kutembea tu baada ya homa kuisha, kisha wiki mbili za nusu mazoezi, na kama mapigo ya moyo asubuhi kitandani bado yako juu kuliko kawaida yake, anabaki pale pale.

Lakini malaria ya Februari peke yake haitoshi kunieleza damu ya Mei. Ndipo nikarudi kwenye ile sentensi yako ya kuwashwa usiku. Majani, mitumbwi, maji yaliyotulia, saa sita mchana: mwalimu, umenichorea nyumba ya kichocho. Konokono wanaolea vimelea wake wanapenda hapo hapo penye majani, watu wanapooshea vyombo na kujisaidia. Mabuu hutoka kwenye konokono kukiwa na mwanga, kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na kuingia mwilini wanapitia ngozi nzima isiyo na kidonda. Mara nyingine mtu huwashwa siku hiyo, mara nyingine hahisi kitu. Ziwani kwetu anayetawala ni kichocho cha tumbo. Usingojee kuona mkojo wenye damu, huo ni wa yule mwingine anayepatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi ya bara, huko Shinyanga na majirani zake. Wa ziwani hukaa kwenye mishipa ya utumbo na ini. Mtu anachoka, tumbo linavuruga, damu inapotea taratibu.

Omba kipimo cha choo, na kikitoka safi omba kirudiwe kwa sampuli ya siku nyingine, kwa sababu mayai hayatoki kwa wingi uleule kila siku. Dawa ipo, prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wako na kumezwa baada ya chakula. Ni chungu na inaweza kukupa kizunguzungu kwa saa chache. Ila inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaiponyoka. Kwa hiyo ukimeza Ijumaa na Jumamosi ukarudi kwenye majani yale yale, umepoteza dawa. Mweleze daktari mara ya mwisho uliingia ziwani lini, yeye ndiye atakayepanga umeze lini na kama utarudia baada ya wiki kadhaa.

Kuhusu vipimo vya damu, usiridhike na tone la kidole. Pale Bugando au hospitali ya mkoa wanaweza kukufanyia FBP, yaani picha ya damu nzima, inayoonyesha hata ukubwa wa chembe. Ulizia na feritini, ambayo ni akiba ya chuma mwilini. Akiba hiyo inaweza kuonekana ya uongo, juu kuliko ilivyo, kama mwili bado unapambana na maambukizi, ndiyo maana asomaye majibu awe daktari na si kundi la WhatsApp. Na kama hujawahi kupima selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, pima. Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye jeni moja tu ya urithi huo ambao hawajawahi kuugua hata siku moja, na baadhi yao mwili huwazimikia wakijisukuma kupita kiasi kwenye joto. Si kwamba utazuiwa michezo. Utajua tu jinsi ya kujipima.

Umeuliza njia ya haraka ya kupandisha damu. Salama ya haraka haipo. Kwa vidonge vya chuma vinavyomezwa sawasawa, na chanzo kikiwa kimezibwa, tegemea kupanda kama pointi moja kila baada ya wiki mbili hadi tatu, kisha miezi mitatu zaidi ya kumeza ili akiba ijae. Kuna watakaokushauri dripu ya chuma. Hiyo ipo na ina watu wake, lakini inatolewa hospitali kwa sababu zinazoeleweka, si kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa. Na atakayekunong'oneza kuhusu sindano za kuzalisha damu wanazotumia "wanariadha wakubwa", mwambie zimepigwa marufuku michezoni na zinaweza kuua.

Vidonge hivyo unavimeza na nini? Nakuuliza kwa sababu nawajua walimu: chai ya saa nne ofisini, vidonge ndani ya pochi, funda moja vyote vinashuka. Chai inakamata chuma tumboni na kutoka nacho. Kahawa na maziwa vivyo hivyo. Viache mbali na kidonge na mbali na mlo, saa moja kabla na saa moja au mbili baada. Kidonge kifuate chungwa, au maji ya ukwaju. Kikikuvuruga tumbo, mwulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja. Watafiti wa Zürich waliowapima wanawake wenye akiba ndogo waliona kwamba kwa ratiba hiyo chuma kinaingia vizuri zaidi kwa kila dozi, kwa sababu dozi ya leo huufunga mlango wa kesho. Rozela sina ugomvi nayo, kinywaji kitamu, ila haijazi kisima. Matembele ni mazuri pia lakini chuma cha majani huingia kwa shida. Unaishi mji wa dagaa, mwalimu! Dagaa na kichwa chake, wana chuma, wana madini ya mfupa, na bei yake unaijua. Ongeza maini mara moja kwa wiki, maharage yenye limau, na uji wa ulezi wenye karanga kabla ya zoezi lolote la asubuhi. Chai kavu uwaachie wageni.

Sasa sehemu ambayo hutaipenda. Swali lako la kwanza lilikuwa upunguze kukimbia uongeze baiskeli. Hapana. Mtu aliyetiwa giza machoni akiwa amesimama darasani haendeshi baiskeli kwenye barabara ya Musoma katikati ya mabasi na malori, na haingii ziwani. Darasani kuna wanafunzi wa kukudaka. Majini hakuna. Mpaka daktari akuone na kukuruhusu, wewe ni mtu wa kutembea kwa miguu jioni, kama ugoko haulalamiki, pamoja na mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo nyumbani. Ukizimia tena, ukaishiwa pumzi umekaa tu, au kifua kikauma, ni hospitali siku hiyo hiyo, si kesho baada ya kusahihisha mitihani.

Ukisharuhusiwa, bwawa litangulie, kwa sababu halina uzito wa mwili kwenye mguu. Najua ni ghali. Nenda mara chache, fundi mmoja wa kuogelea akutazame mkono wako, mita mia chache zenye ufundi zinazidi kilomita za kujipigapiga. Ziwani, kama ni lazima, mkodi mtu wa mtumbwi awapeleke mbali na ufukwe wenye majani, muingilie kwenye kina na mtokee kwenye kina. Hatari inapungua, haiishi, kwa hiyo kipimo cha kichocho kiwe sehemu ya msimu wako kama kubadilisha tairi. Baiskeli ifuate, kwanza ile ya kusimama mahali pamoja kama kuna ukumbi wa mazoezi karibu. Kukimbia kuje mwisho kabisa, kukiwa na mambo matatu: unatembea kwa kasi bila maumivu, pale palipokuwa panauma hapaumi ukibonyeza, na unakula kama mtu anayefanya kazi. Ningependa na hedhi iwe imerudi. Kwangu mimi hedhi ni kipimo bora kuliko saa yako yote.

Piga hesabu na mimi. Ufa wa kawaida wa ugoko hutaka wiki sita hadi nane bila kukimbia, na wengine zaidi. Leo ni Mei. Hiyo inatufikisha Julai, ndipo unaanza dakika moja kukimbia na mbili kutembea. Rubavu ni mwanzoni mwa Agosti, na ziwa lile liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita mia tatu juu ya Mwanza yetu, ambako hata mwenye damu kamili anahema zaidi. Kilomita 21 hazipo humo, mwalimu. Hata ukipata nafuu ya ajabu hazipo. Mashindano ya Agosti kwa umbali wote uyaondoe kichwani.

Najua linavyouma. Oktoba 2010, Chrissie Wellington wa Uingereza alikuwa ameshinda Ironman ya dunia kule Hawaii miaka mitatu mfululizo. Asubuhi ya kutafuta ya nne aliamka anaumwa, akajitoa siku ile ile, wakati watu wote wameshafika kumtazama. Mwaka 2011 akarudi akashinda. Mwingereza mwenzake, Lucy Charles-Barclay, mapema mwaka 2022 aligundulika ana ufa wa mfupa kwenye nyonga. Akasimama, akaunga, Oktoba akawa wa pili Hawaii, na mwaka 2023 akaibeba. Wana madaktari na wadhamini, sawa, na sisi tuna dagaa. Ninachotaka uone ni kwamba kujitoa ni sehemu ya kazi ya mchezo huu, na wanaoijua kazi yao wanaifanya mapema.

Kundi la WhatsApp lizimie sauti. Huna haja ya kuaga wala kueleza. "Komaa" ni neno zuri kilomita ya kumi na nane, halina maana kwa mtu mwenye damu 9.6. Yule shoga yako uliyemshikia chupa, mpigie simu mmoja kwa mmoja umweleze. Naamini naye ana yake ambayo hakuyaweka kwenye picha. Kama kilio cha bafuni kitaendelea hata baada ya kuanza kula na kulala, nacho kina daktari wake, usikionee haya.

Mama mkwe usibishane naye. Mwambie, "Mama, nimekusikia, naenda hospitali kwanza," kisha mwombe akupikie uji asubuhi. Atapata la kufanya, na atakuwa ameona kwa macho yake ukinenepa kidogo na rangi ikirudi. Mumeo nenda naye siku ya majibu. Anaposema uache, nadhani anachokiona ni mke aliyekonda anayeanguka kazini, na hajaambiwa na mtu yeyote kwamba vitu hivi vina majina na vina dawa. Akiyasikia kutoka kwa daktari, nusu ya ugomvi itakuwa imekwisha.

Ada bado ina matumaini. Waandikie waandaaji wa Rubavu uulize mambo mawili: kama unaweza kuhamishia usajili wako mwakani kwa cheti cha daktari, na kama wana timu za kupokezana, mmoja aogelee, mwingine aendeshe, mwingine akimbie. Ikiwepo ya pili, na mwezi Julai damu yako iko juu ya 12 na daktari amekubali, unaweza kuwa mwogeleaji wa timu, ukatoka majini na kukabidhi bila mguu wako kugusa lami. Barua pepe hiyo iandike wiki hii hii, hata kabla ya majibu ya vipimo. Maombi ya kuhamisha usajili huwa na tarehe ya mwisho, na mara nyingi tarehe hiyo hupita wiki nyingi kabla ya siku ya mashindano.